Mgeni Asiyetikisa Kikombe

Alhamisi tarehe 19 Juni, baada ya miaka thelathini na moja ya kazi, Mwalimu Itidal Hiyari anastaafu kutoka Chekechea ya Bonde la Mlozi, hapa mjini Salt. Amekataa katakata kuhutubiwa. Basi sisi walimu wenzake tumemwandikia, maana akisoma peke yake hatapata nafasi ya kutukatiza kwa maswali.

Na maswali ndiyo yake. Wiki yake ya kwanza kazini alitaka kujua kwa nini watoto wote huchora jua kwenye pembe ya karatasi. Tulimwambia ndivyo linavyochorwa. Hakuridhika, akawauliza wenyewe, wakamweleza kwamba katikati ni pa nyumba, jua lingekaa wapi? Alifurahi siku nzima. Wengi wetu huwauliza watoto maswali ambayo majibu yake tunayo. Yeye huuliza asilolijua, halafu anasubiri.

Kompyuta yetu ya kwanza ilifika akiwa bado mwalimu kijana. Mwalimu mkuu wa wakati huo, marehemu Bi Wijdan, aliipokea kama vitu vya thamani vinavyopokelewa majumbani mwetu: aliifungia. Ilikaa ofisini kwake, penye makochi mazuri, ikafunikwa kitambaa alichokidarizi kwa mkono wake. Wakija wageni kitambaa kinafunuliwa, wageni wanasema mashallah, kinarudishwa. Watoto waliruhusiwa kuichungulia kutoka mlangoni, mikono nyuma.

Mwalimu Itidal hakupata usingizi. Mtoto wa miaka mitano akikishika kitu hiki atafanya nini? Hakuna aliyejua, na kutojua kulimwasha kama upupu. Akaenda kuiomba, akakataliwa. Akarudi, akakataliwa kwa chai ya nanaa na biskuti. Aliendelea kurudi mpaka Bi Wijdan akachoka naye.

"Ichukue mpaka Idi," alimwambia. "Lakini ikipata hata mkwaruzo inarudi hapa, na usiniombe tena."

Basi ikaingia darasani, na kitambaa chake juu. Sisi wa madarasa ya jirani tukawa hatukauki pale. Kila saa mtu ana chaki ya kuazima. Mtoto mmoja aliinua kipanya hewani na kukipeperusha mbele ya skrini. Mwingine aliisalimu mashine kila asubuhi, akanuna kwa kutojibiwa. Wa tatu akauliza mchoro wake unaenda wapi kompyuta ikizimwa. Mwalimu Itidal akasema hebu tufikiri, na darasa zima likakaa kuchora mahali michoro inapolala. Tulimwambia, we Itidal, si uwaambie tu yaishe! Akajibu kwamba akiwaambia hatajua kamwe walikuwa wanawaza nini.

Idi ilipokaribia, ikatokea ile ya kahawa.

Lujain, binti wa miaka mitano, alikuwa kwenye kona ya kuchezea mambo ya nyumbani akiwa na dele dogo la kahawa lililojaa maji. Akamwona mgeni amekaa peke yake, kafunikwa nguo nzuri, hajakaribishwa na mtu. Akafunua kitambaa, akaweka kikombe juu ya kibodi, akamimina. Sasa, kwetu mgeni aliyetosheka hutikisa kikombe, asiyetikisa, unamwongeza. Huyu hakutikisa. Lujain akaongeza, kikombe kikafurika, akaongeza tena. Dele lilipoisha akaenda bombani kulijaza.

Kibodi ikafa. Bi Wijdan alisikia makelele akaja, na tuliosimama mlangoni tulijua habari imekwisha. Mwalimu Itidal alikuwa amesawijika. Kompyuta yake ilikuwa inaondoka, na kila alichotaka kukijua kinaondoka nayo. Hata hivyo alichuchumaa mbele ya mtoto, na tunaapa kwamba usoni mwake, chini ya ile huzuni, alikuwa na hamu ya kujua.

"Mwanangu, mbona hukuacha kumimina?"

"Hakutikisa, Mwalimu," alisema Lujain. "Nikajua bado anataka."

Nyumbani kwa Bi Wijdan hakuna mgeni aliyewahi kuachwa na kikombe kitupu. Angemwadhibu vipi mtoto kwa ukarimu? Aliyatazama maji, akakitazama kitambaa chake. Kisha akakiokota, akakikamua, akakikunja na kukitia kwapani.

"Kosa ni letu wakubwa," alisema. "Sisi ndio tuliomfanya mgeni. Mwache akae hapa, awe mtu wa nyumbani."

Tangu siku hiyo kompyuta haijafunikwa tena katika shule yetu. Ile kibodi iliyozama Mwalimu Itidal aliiweka mkekani pamoja na bisibisi, akawaachia watoto waifungue waone herufi zinatokea wapi. Hawakuziona, ila vitufe vyake vimo mpaka leo ndani ya kopo la halua, na kila mwaka vinachezewa. Kutokana na siku hizo alianzisha pia utaratibu wa viti viwili mbele ya kompyuta: mtoto mmoja anashika kipanya bila kuamua, mwingine anaamua bila kugusa. Jaribuni nyumbani na waume zenu, mtaona kazi yake. Walimu wa miji mingine wamekuja kuutazama, na wizara ikamwita mji mkuu, Amman, kuwafundisha wenzake, akarudi akilalamika kwamba hakuna aliyemuuliza swali la maana. Na siku zote amesisitiza kwamba kona ya kompyuta isiwe kubwa kuliko kona ya mchanga.

Mwalimu, tutakukosa, na hatutajifanya vinginevyo. Tumezoea kusikia "kwa nini?" kupitia ukutani, ukimya wa upande ule tutaupeleka wapi? Tunakushukuru kwa watoto wetu, wengi wao ukiwa umewafundisha wewe. Mungu akupe afya, asubuhi zisizo na kengele, na wajukuu wenye maswali magumu.

Alhamisi kahawa itamiminwa na Lujain mwenyewe. Siku hizi ni mama, na mwanawe yumo darasani mwako. Dele analoleta ni kubwa, na ameahidi kutomimina juu ya chochote cha umeme. Tuna ombi moja tu kwako, Mwalimu: usitikise kikombe.

Ruwaida Qteishat,
darasa la jirani