Vakansi Yetu ya Velo

MAMA EUPHRASIE: Allô? Allô... nani huyu anapiga na namba ya mbali hivi?

PALUKU: Mama! Ni miye, Paluku.

MAMA EUPHRASIE: Paluku wangu? Wa Bruxelles?

PALUKU: Uko na Paluku wangapi, Mama?

MAMA EUPHRASIE: [anapunguza redio] Sema kwa nguvu, papa. Sauti inakatika-katika. Batoto iko bien?

PALUKU: Batoto iko bien. Gracia iko hapa pembeni, Bonheur amelala. Annette anakusalimia. Na weye? Mugongo?

MAMA EUPHRASIE: Mugongo iko pale pale, hatuachane. Niko peke yangu mu nyumba. Ndugu yako Muhindo alienda Banalia kutafuta muchele, wiki ya pili sasa. Asubuhi nilipika pondu ya batu ine, kisha nikaiangalia. Mutu mumoja na sufuria nzima.

PALUKU: Pole, Mama. Ungeita –

MAMA EUPHRASIE: Ningeita nani? Na huo upepo ni wa nini? Uko juu ya nyumba?

PALUKU: Niko juu ya mulima. Huku Suisse. Tulianza kupanda tangu asubuhi na velo.

MAMA EUPHRASIE: Na nini?

PALUKU: Velo. Kinga, baiskeli, Mama.

MAMA EUPHRASIE: Weye na nani?

PALUKU: Siye bote. Gracia iko na velo yake, miaka tisa tu na anapanda sawa mukubwa. Annette iko na yake. Bonheur namubeba nyuma yangu mu kiti. Na mizigo, hema, sufuria, blanketi –

MAMA EUPHRASIE: Paluku.

PALUKU: Mama.

MAMA EUPHRASIE: Nani anabafukuza?

PALUKU: Hein?

MAMA EUPHRASIE: Usinifiche. Ni kazi? Balikutosha ku kazi? Balibatosha mu nyumba? Sema tu, niko mukubwa, nitavumilia. Mutu hawezi kupanda mulima na bibi, na batoto, na sufuria ku velo, kama hakuna kitu nyuma yake.

PALUKU: [anacheka] Mama, ni vakansi!

MAMA EUPHRASIE: Vakansi?

PALUKU: Congé. Kazi iko, nyumba iko, motoka tuliiacha ku nyumba. Huku familia mingi banafanya vile. Wiki mbili, unazunguka milima na velo na batoto, jioni unafunga hema, unapika, unalala. Tumepita familia tatu leo.

MAMA EUPHRASIE: Banaacha motoka ku nyumba.

PALUKU: Ndiyo.

MAMA EUPHRASIE: Na banalipa?

PALUKU: Banalipa hata kiwanja ya kufunga hema.

MAMA EUPHRASIE: Eh, Bwana Yesu! Paluku, hapa mbele ya kiwanja yetu kuko kijana wa toleka, Issa, anabeba batu ku velo tangu saa kumi na mbili. Mapaja yake inatetemeka sawa mutu wa homa. Nikimwambia mutoto wangu analipa juu ya kufanya kazi yake, na juu ya mulima tena, ataanguka chini.

PALUKU: Mwambie akuje. Nitamuachia mizigo.

MAMA EUPHRASIE: [anacheka kidogo, anakohoa] Ulinishitua. Moyo ilikuwa imepanda mpaka hapa.

PALUKU: Samahani. Lakini Mama, weye njo ulinifundisha. Weye na Papa. Ile vakansi yetu ya velo.

MAMA EUPHRASIE: [anapunguza redio tena]

PALUKU: Haloo? Mama?

MAMA EUPHRASIE: Niko.

PALUKU: Kutoka kule Lubero mpaka Kisangani. Miye nimekaa ku chuma mbele ya Papa, weye unatembea nyuma na furushi. Batoto banaijua yote. Kila jioni Gracia ananiomba: Papa, tuambie ile velo ya koko babu.

MAMA EUPHRASIE: Unabaambia nini?

PALUKU: Ndizi za kuchoma. Mvua. Siku Papa alivua kiatu akapigia nyoka.

MAMA EUPHRASIE: Haikuwa nyoka. Ilikuwa kamba.

PALUKU: [anacheka] Bon, kwangu itabaki nyoka! Na ile kushuka, Mama. Ile siku tulimaliza milima, njia ikashuka kuelekea pori. Ile njo naipenda kupita zote. Velo ilikuwa nyepesi, inakimbia. Naona njia yote mbele yangu. Na Papa anaimba, anaimba kwa nguvu, mutu mwenye hakuimbaka hata mu kanisa. Mu maisha yangu yote, sijapata furaha sawa ile. Nikisikia baya ku kazi, nikikosa usingizi, narudi pale. Nasikia upepo. Annette anajua, akiniona kimya anasema, uko unashuka.

MAMA EUPHRASIE: Ni vizuri, papa. Ni vizuri sana. Bon, mega yako itaisha, unisalimie –

PALUKU: Ngoja. Mama, ngoja. Sikupiga juu ya ile.

MAMA EUPHRASIE: Ulipiga juu ya nini?

PALUKU: Najua haikuwa vakansi.

MAMA EUPHRASIE: [anazima redio kabisa]

PALUKU: Najua tangu zamani. Nilikomaa, nikasoma, nikahesabu miaka. Tulikuwa tunakimbia vita. Sikuwahi kusema sababu... Papa alijikaza sana juu yangu. Niliona hata yeye anahitaji niamini.

MAMA EUPHRASIE: Alisema, mutoto asibebe vita mu kichwa. Tukifika, kama tutafika, afike na vakansi. Aliniapisha. Mpaka siku alikufa pale ku hôpital, alinishika mukono: Euphrasie, unamuachia vakansi yake. Njo neno ya mwisho yenye nilisikia vizuri.

PALUKU: Na umeniachia. Aksanti. Lakini kuko kitu ingine.

MAMA EUPHRASIE: Hakuna kitu ingine.

PALUKU: Sijauliza bado.

MAMA EUPHRASIE: Sauti inakatika –

PALUKU: Haikatiki, Mama. Sikiliza. Asubuhi tulikuwa tunapanda, Gracia amechoka. Juu ya kumusahaulisha, nikamufundisha majina yetu ya Kinande. Nikamwambia, kwetu mutoto anapata jina kwa kufuata namna alikuja. Miye Paluku, mutoto mwanaume wa kwanza. Tonton yako Muhindo, hiyo maana yake ni mwenye kugeuza. Kama mbele kulizaliwa musichana, kisha mwanaume anakuya, anaitwa Muhindo, amegeuza. Gracia akasimamisha velo. Akauliza: Papa, mbele ya tonton ulikuwa weye, na weye ni mwanaume. Tonton aligeuza nini? Miaka makumi tatu na zaidi namuita ndugu yangu ile jina kila siku. Sikuwahi kujiuliza.

MAMA EUPHRASIE: Mutoto wako iko na akili mingi.

PALUKU: Kisha, tumekaribia juu, Bonheur akaanza kulia mu kiti. Na miye, Mama, sikuangalia nyuma. Niliangalia mbele. Ku guidon, pale mikono inashika. Nilikuwa natafuta mutoto ku guidon. [anavuta pumzi] Papa alikuwa na kikapu mbele ya velo. Kimefunikwa na kitenge. Kilikuwa kinanifunika macho, nilikuwa nakisukuma. Mu kikapu kulikuwa nini?

MAMA EUPHRASIE: Muhogo.

PALUKU: Mama.

MAMA EUPHRASIE: Kulikuwa muhogo, na chumvi, na –

PALUKU: Muhogo hailie.

MAMA EUPHRASIE: [anavuta kiti] Niache nikae.

PALUKU: Kaa, Mama. Nangojea.

MAMA EUPHRASIE: Papa yako alikufa, nikasema bon, sasa nimebaki miye peke yangu mwenye kujua. Kama na miye nikienda, itakuwa sawa hakuzaliwa. Ile kitu inanitafuna, Paluku. Si mugongo. Ni ile. Kuko siku nafunga mulango, nasema jina yake mu chumba, juu jina isikike tu.

PALUKU: Sema sasa. Nisikie na miye.

MAMA EUPHRASIE: Masika, dada yako mudogo. Tulimubatiza Précieuse. Alikuwa na miezi kumi na moja, mwenye kucheka ovyo-ovyo. Ukimutolea ulimi tu, anaanguka na kicheko. Weye ulikuwa unamupenda na unamuonea wivu –

[Laini inakatika. Mama hajui.]

MAMA EUPHRASIE: – unamunyanganya ndizi, kisha unamurudishia. Siku ya pili mvua ilitunyeshea usiku muzima. Hatukuwa na kitu kikavu. Homa ikamushika. Tuligonga ku dispensaire, batu ba pale balikuwa bamekimbia mbele yetu. Siku ya ine, asubuhi, tuko juu ya mulima wa mwisho, akawa baridi mu mikono yangu. Weye ulikuwa umelala ku majani. Papa yako akachimba chini ya mikaratusi na kipande cha bati. Hatukuwa na sanduku. Tulimulaza mu kikapu chake, na kitenge. Ulipolamuka, ukauliza Masika iko wapi, Papa yako akasema amebaki kwa tante, atatufuata. Uliamini. Wiki mbili, ukaacha kuuliza. Unanisikia, papa? Niache nilie kidogo, usinijali. Ile kushuka... ile kushuka yako ilikuwa ile ile asubuhi. Velo ilikuwa nyepesi sababu yeye hakuwa tena mbele. Uliona njia yote sababu kikapu hakikuwa. Ulipiga mikono, ukasema: Papa, sasa tunaenda mbio! Na yeye akaanza kuimba kwa nguvu, sababu miye nilikuwa nakimbia nyuma yenu nalia, nalia sawa mwenda wazimu, na hakutaka usikie. Njo ile furaha. Njo ile. Unisamehe. Ningeliweza kukuachia, lakini uliuliza, na nimechoka kubeba peke yangu. Paluku? ... Paluku? Useme kitu. Hata kidogo. ... Allô? ... Allô?

[Simu inalia tena.]

PALUKU: Mama! Haloo, Mama? Ilikatika! Réseau ya huku juu ni ya kutafuta na tochi.

MAMA EUPHRASIE: Ilikatika... wapi?

PALUKU: Nilisikia Masika Précieuse. Nilisikia alikuwa anacheka ovyo-ovyo, na miye namuonea wivu. Kisha hakuna tena. Ulisema nini?

MAMA EUPHRASIE: [anapenga kamasi]

PALUKU: Mama? Unalia?

MAMA EUPHRASIE: Hapana. Ni kikohozi.

PALUKU: Bon, batri iko mbili kwa mia, nauliza haraka. Alikufa mu ile njia?

MAMA EUPHRASIE: Ndiyo, papa. Homa.

PALUKU: Kabla ya ile kushuka, ao nyuma yake?

MAMA EUPHRASIE: Kwa nini unauliza?

PALUKU: Sababu nimesimama hapa na batoto, njia inashuka mbele yetu, na siwezi kupanda velo. Tangu asubuhi nawaza: kama alikuwa amekufa, na miye nilikuwa nacheka... Mama, kama ni vile, sitashuka tena. Hapa wala mu kichwa. Niambie ukweli.

MAMA EUPHRASIE: [Nje, kengele ya toleka inapita]

PALUKU: Mama, batri –

MAMA EUPHRASIE: Nyuma. Alikufa nyuma. Chini kabisa, mu pori, siku mingi kisha.

PALUKU: Kweli?

MAMA EUPHRASIE: Miye njo nilimuzaa. Nisijue siku?

PALUKU: Lakini kikapu hakikuwa mbele. Niliona njia yote, nakumbuka vizuri.

MAMA EUPHRASIE: Nilikuwa nimemuchukua miye mu mugongo. Kushuka kulikuwa kukali, Papa yako aliogopa kikapu kitaruka. Nilikuwa nakuya naye nyuma yenu, nakimbia.

PALUKU: [sauti inabadilika] Nyuma... Kulikuwa sauti nyuma! Mama, iko mu kichwa yangu tangu utoto, sikuwahi kujua ni nini. Papa anaimba, na nyuma, mbali, sauti moja ya juu sana, inatufuata. Ilikuwa yeye?

MAMA EUPHRASIE: Njo yeye.

PALUKU: Alikuwa anafanya nini?

MAMA EUPHRASIE: Alikuwa anacheka, papa. Alicheka mpaka chini.

PALUKU: [analia na kucheka] Aksanti. Aksanti, Mama. Nitamwambia Gracia. Tunashuka sasa, batoto banasikia baridi, nitapiga jum–

[Batri ya Paluku imekwisha.]