Wasifu wa Mzee Breki, Dereva wa Kobe wa Mwisho

Marehemu baba yetu alizaliwa tarehe 9 Aprili 1950 katika kota za reli, nyuma ya tangi la maji, mtoto wa tatu wa mpiga kengele wa stesheni. Alisoma hadi darasa la nane. Hesabu alizipenda, ila kila treni ikipita macho yalimtoka dirishani, na mwalimu akachoka kuyarudisha.

Mwaka 1968 aliajiriwa kupaka grisi. Mwaka huohuo vililetwa vichwa vipya vya dizeli vya kupangia mabehewa, vifupi, vya mgongo wa mviringo, visivyojua haraka. Wafanyakazi wakaviita Kobe. Baba akaja kuwa dereva wa Kobe hao, na kwa kuwa hakuwahi kugonga behewa, akaitwa Breki. Kobe hawakuonja safari ya mbali. Maisha yao yalikuwa kusukuma na kuvuta humohumo yadini. Vipuri vilipoadimika, mmoja alifunguliwa ili mwingine atembee, hadi akabaki mmoja.

Alifunga ndoa tarehe 14 Desemba 1974, akachelewa kwa sababu Kobe aligoma kuwaka. Mama akamuuliza, "Umemuoa nani, mimi au Kobe?"

"Kobe namuwasha kwa jasho," akajibu. "Wewe unawaka mwenyewe."

Alistaafu mwaka 2010. Tarehe 3 Juni 2019 alisikia Kobe wa mwisho anapelekwa kukatwa kuwa chuma chakavu, akaenda mbio kumwombea. Mkuu wa yadi akamwambia, "Ngoja hapo mzee, nimpigie bosi." Injini mpya ilikuwa imeshafungwa kumvuta. Baba akamwinulia dereva wake mkono juu, ishara ya kusimama ya enzi zao. Hakuna aliyemwambia kwamba ishara zilibadilishwa, na sasa mkono juu maana yake ni vuta. Dereva akavuta. Mkuu alipotoka ofisini akisema, "Bosi kakubali, tunamwacha!" wakataji upande wa pili wa ukuta walikuwa wameshampasua Kobe tumbo.

Tangu hapo mkono ule haukuinuka tena. Majirani mliomsalimia asiwapungie, hakuwa na maringo. Mama alipombembeleza ale, alisema, "Niache. Nimemuua kwa mkono wangu." Tulimwambia si kosa lake, maneno hayakumwingia. Kisukari kilimkuta hana nia ya kupambana, akafariki tarehe 22 Februari mwaka huu, wodini, mkono ukiwa chini ya shuka.

Ameacha mjane, watoto wanne na wajukuu. Yadini hakuacha kitu. Tunamwombea amani ambayo alipokuwa nasi hatukuweza kumpa.