Shangazi Kwenye Hoteli ya Baga

AGNELLA: Haloo? Nani mwenzangu?

THEODOSIA: Wifi yako, Theodosia. Niko Dar, kwenye simu ya kadi.

AGNELLA: Shikamoo wifi. Tangu saa nane nimekaa hapa dukani kwa Polycarp, nasubiri simu iite.

THEODOSIA: Marahaba. Kaka yangu yupo hapo?

AGNELLA: Kaenda kuwinga ndege kwenye mpunga. Kanituma nichukue neno lako. Wazee wa Obadia wanashuka na treni keshokutwa, wanaleta barua ya posa. Apokee au arudishe?

THEODOSIA: Arudishe.

AGNELLA: Wifi, lakini Justa—

THEODOSIA: Justa mmemzaa nyinyi, nimemlea mimi, kwangu Lupiro, tangu darasa la kwanza. Mmenituma nikamwangalie huyo mchumba wake, nimemwangalia. Arudishe.

AGNELLA: Kakukosea nini?

THEODOSIA: Unajua jana katupeleka kula wapi, mimi na Justa? Shangazi mzima wa mke, nimetoka Lupiro na mgongo unauma. Kanipeleka hoteli ya baga.

AGNELLA: Ya nini?

THEODOSIA: Baga. Imefunguliwa juzi, mjini wote wanakimbilia huko. Mkate wa duara, wameupasua, katikati wamebana nyama ya kusaga na majani mabichi.

AGNELLA: Mabichi kabisa?

THEODOSIA: Kabisa. Hata nyanya haijaona moto. Na wali hakuna. Nimemuuliza yule dada mwenye kofia ya karatasi, wali mnaivisha saa ngapi? Akamwangalia mwenzake, wakacheka.

AGNELLA: Hawana adabu.

THEODOSIA: Subiri. Nimekaa, nimenyoosha mikono ninawishwe. Nimenyoosha, wifi, hotelini pale, watu wananitazama. Hakuna maji, hakuna beseni. Obadia akaja mwenyewe kabeba sinia la plastiki, akanipa kikaratasi nijifute. Viti vyenyewe wamevipigilia chini, sijui wanaogopa tutaiba—

AGNELLA: Haloo? Laini inakwaruza, sema kwa nguvu.

THEODOSIA: Nasema viti wamevipigilia chini!

AGNELLA: Sasa wifi, kwa sababu ya viti tumnyime mtoto mume?

THEODOSIA: Sijafika. Hiyo baga ni nene hivi. Huwezi kumega, haina kijiko. Unaishika kwa mikono miwili unaachama. Mimi niachame kama kiboko, mkwe yuko mbele yangu? Na yeye aachame, meno yote nje, mimi namtazama?

AGNELLA: Hapana jamani. Kwetu mkwe hali mbele ya mkwewe.

THEODOSIA: Basi nikaiacha pale mezani. Nikaiangalia, ikaniangalia. Na njaa, wifi. Tangu uji wa asubuhi.

AGNELLA: Yeye akala?

THEODOSIA: Afadhali angekula pale pale. Kanyanyuka, hakusema neno, katoka nje. Ndiyo mgeni anavyofanywa hivyo? Kasimama barabarani, jua la saa saba, mgongo katugeuzia.

AGNELLA: Mgongo?

THEODOSIA: Mgongo. Dakika ishirini.

AGNELLA: Na wewe ulikuwa unafanya nini hizo dakika ishirini?

THEODOSIA: Nifanye nini, nimekaa.

AGNELLA: Wifi.

THEODOSIA: Nilikula.

AGNELLA: Ukaimaliza?

THEODOSIA: Njaa, nimekwambia. Nikaimaliza. Na viazi vyake. Vya kukaanga, hata chumvi haikuenea.

AGNELLA: Kwao Obadia wana mila hiyo, ya kutokula na mkwe?

THEODOSIA: Watu wa Singida? Aa. Kaniambia mwenyewe kwenye basi tukienda huko, kwao wakwe wote sinia moja.

AGNELLA: Basi ile kajifunza kwa ajili yako. Kasimama juani na njaa yake ili wewe ule. Haloo? Wifi, upo?

THEODOSIA: Nipo. Unadhani sikuliona hilo? Nimeliona tangu alipofika mlangoni.

AGNELLA: Sasa nongwa ya nini?

THEODOSIA: Kadi inaisha.

AGNELLA: Nongwa ya nini, wifi?

THEODOSIA: Justa. Nilijua atakaa na mimi. Kabeba baga yake na ya Obadia, kaniambia, shangazi wewe kula taratibu, kamfuata nje. Nimebaki peke yangu na lile sinia. Imeniuma, Agnella. Nisikufiche.

AGNELLA: Pole, wifi yangu. Pole sana.

THEODOSIA: Na chakula chenyewe cha hovyo. Chakula cha watu wasio na majiko.

AGNELLA: Kaka yako nimwambie nini?

THEODOSIA: Mwambie apokee.

AGNELLA: Apokee barua?

THEODOSIA: Arudishe ya nini, na mtoto ameshakwenda? Nimewatazama kwenye kioo cha dirisha, wanakula wamesimama, michuzi inawachuruzika mpaka viwikoni. Justa anacheka, kainama, kashika tumbo. Miaka kumi na mbili, wifi, nyumbani kwangu hajawahi kucheka vi—

AGNELLA: Haloo? Wifi? Polycarp, imekatika.