Paa Hili Hunyanyuliwa na Wawili

Njooni karibu, wanangu, mje hivyo hivyo na mikono yenu yenye grisi, maana nitakayosema leo sitakuwa na pumzi ya kuyarudia, na nimemwomba mama yenu aniketishe humu kwenye kiti cha mbele cha gari langu, hapa uani mbele ya gereji, kwa sababu kule kitandani mngekaa mkinililia, na hapa kuna kazi. Wewe binti yangu mkubwa, simama upande wa kulia wa paa la gari. Wewe mdogo wake, kushoto. Shusheni vioo nisikie mnavyopumua.

Nyumba ni ya mama yenu mpaka atakapoichoka mwenyewe, na asije mtu kumuuliza ataichoka lini. Zana gawaneni mnavyotaka, ila ile spana niliyoipinda kwa moto ili ifike kwenye nati za nyuma ya injini, iacheni ukutani, aichukue mwenye shida nayo na airudishe. Fundi viti wa jirani aje mazikoni, mpeni kiti kizuri, lakini gari hili asiliguse, kwa kuwa ndiye aliyesema mbele ya wateja wangu kwamba turubai la paa lishonwe moja kwa moja lisifunguke tena, na kwamba gari la kufungua paa ni ujinga wa mzee mwenye kipara. La turubai nimemsamehe. La kipara bado nalifikiria.

Gari lenyewe nililikuta kuku wametaga kwenye kiti cha nyuma, na nilipolileta nyumbani mama yenu alinuna siku nzima, hata chai nikajipikia. Nikalitengeneza kipande kwa kipande mpaka siku nilipobonyeza swichi, paa likajikunja lenyewe, naye akacheka mpaka akashika mlango. Kila tulipotoka nalo mvua ilinyesha, akaliita gari la kuombea mvua, na bado hakuniruhusu hata mara moja nifunge paa kabla hajalowa kidogo. Nililipenda gari kwa sababu yake, si vinginevyo, na leo namwambia mkisikia.

Sasa sikilizeni vizuri. Niliposhindwa kusimama mkaanza kugombea nani awe mkubwa wa gereji, mkagawana siku za kazi ili msionane, mkawa mnapishana getini kama wapangaji waliokoseana. Wewe binti, siku yako ukaona mafuta ya pampu inayosukuma paa yamepungua, ukaongeza ya breki, kama nilivyokufundisha. Ulifanya sawa. Wewe mdogo wake, siku yako ukaona yamepungua tena, ukatia mafuta ya giaboksi, kama wanavyofanya kwenye magari mapya kuliko hili, na kwenye hayo ungekuwa sawa. Hakuna aliyemuuliza mwenzake. Mafuta yakachanganyika, mipira ya ndani inayozuia mafuta yasivuje ikavimba, pampu ikakaza, mota ikahangaika mpaka ikaungua, kisha kila mmoja akaja kitandani kwangu kwa wakati wake kunieleza jinsi mwenzake asivyojua kazi. Niliunusa mpira mmoja kwenye kiganja changu nikajua yote. Mafundi wawili wazuri, nimewafundisha mimi mwenyewe, mmeunguza mota moja kwa kununiana. Niliumia, wanangu, kuliko ugonjwa huu unavyoniumiza.

Mota nimeisuka upya mwenyewe, kitandani, waya kwa waya, mama yenu akinirudishia miwani kila ilipoteleza. Mikono hii bado inajua. Wewe binti umeosha mabomba ya mafuta na kubadilisha mipira yote, nimeikagua, ni kazi safi. Wewe mdogo wake umefunga mota nyuma ya kiti na kuunganisha waya wake, nimeshika kila kiungo, hakuna kinachocheza. Litafunguka. Sina wasiwasi hata kidogo.

Ila mabomba yana hewa bado, na mnajua paa hufanyaje likiwa na hewa: upande mmoja hutangulia na mwingine hubaki, na fremu ikipinda imepinda. Kwa hiyo mshike kila mtu upande wake, na msemeshane. Mimi sitawasemea. Swichi iko kwangu.

Haya, nabonyeza.

Mnaisikia? Hiyo ndiyo sauti yake. Shikeni. Binti, upande wako unatangulia, usiniangalie mimi, mwambie mwenzako. Ndiyo. Nimesikia, umesema, "Ngoja, punguza kwanza," naye amekujibu, "Nimelishika, dada, twende." Miezi yote hii sikuwahi kusikia kitu kitamu hivyo. Endeleeni, endeleeni hivyo hivyo.

Na wakati mmelishika na hamwezi kunikimbia, nawaambia la mwisho. Yale matofali mliyoshusha mlangoni nimeyaona. Mlitaka ukuta katikati ya gereji. Sitaki ukuta. Gereji ni moja, ni yenu nyote wawili, na atakayeikata atakuwa amenikata mimi. Matofali hayo mjengeeni mama yenu baraza, akae hapo awaone mkifanya kazi, na gari liwe la atakayemtembeza. Nizikeni mapema, msingoje watu wa mbali. Mungu awatunze. Mikono yenu isikose kazi, na midomo yenu isikose la kuambiana.

Paa limesimama. Hapana, usikimbilie nyuma, mwanangu, acha waya. Mota ni nzima. Ni kidole changu... kimeachia swichi. Kimechoka tu.

Mama yao, njoo. Weka kidole chako hapa, juu ya changu. Bonyeza, usiogope, hao wawili wamelishika.

Naam... linakwenda. Naona mawingu. Naona... hilo ni tone, au?

Usifunge. Mama yao, usifunge bado. Acha tulowe kidogo.