Nililionea Wivu Shamba la Kwenye Runinga

Bwana asifiwe! Asifiwe na ninyi mliokaa mbele, asifiwe na ninyi wa pale mlangoni mnaoangalia mawingu kama mvua itanyesha kabla sijamaliza! Shikamooni wazee wetu. Wenzangu, hamjambo? Mimi ni Mama Alinda wa hapa hapa Kamuli, mke wa yule mwembamba aliyekaa upande wa wanaume karibu na dirisha. Leo amekuja, mnamwona. Msimwangalie sana, ana aibu.

Ndugu zangu, nimesimama kushuhudia kwamba Bwana ameniokoa na wivu. Tena si wivu wa mwanamke mwenzangu, maana huo mnaujua, na kila mama hapa ana dawa yake. Mimi niliionea wivu gemu! Haya, chekeni. Mimi nililia.

Mnakijua kibanja chetu cha migomba. Baba mkwe alikipanda kwa mikono yake, na watu walikuwa wanatoka Songambele kuja kuomba machipukizi. Kisha mnyauko ukaingia. Majani yakageuka njano, ndizi zikaiva kabla ya wakati, ukikata shina unatoka ute unaonuka. Bwana shamba akaja, akatuambia hakuna dawa, ni kung'oa na kufukia, na tusichelewe. Mume wangu akang'oa. Hakutaka kibarua, hakutaka jirani, aling'oa shina kwa shina peke yake. Siku aliyomaliza aliosha panga, akaingia ndani, akaomba maji ya kunywa. Hakusema neno lingine. Na mimi nikaanza kununua ndizi sokoni kama mtu wa mjini. Mimi, mwanamke mwenye kibanja! Nilikuwa nazifunika kwa kitenge nisionekane nazo njiani, na nikifika nyumbani nazitupa chini kwa kishindo ili mtu fulani asikie.

Tangu hapo mume wangu akawa mtu wa maneno mawili. Ukimwambia jambo, "ndiyo". Ukimpa chakula, "chumvi". Sikukuu nilivaa gauni jipya, nikazunguka mbele yake kama bibi harusi, nikamuuliza limenikaa? Akasema ndiyo. Hata hakuangalia!

Halafu akaanza kupotea mchana. Anapalilia maharage kidogo, ukigeuka hayupo. Namuuliza Alinda, baba yako yuko wapi? Mtoto anasema yuko kwa Mama Koku. Kesho namuuliza tena, kwa Mama Koku. Maawe! Mama Koku mnamfahamu, yule mjane aliyetoka Muleba akafungua duka la soda na kuchaji simu. Mwanamke amejaliwa, anacheka hadi barabarani, na meno yake yote yapo. Ndugu zangu, wivu ukaniingia kama moshi wa kuni mbichi, nikawa sioni mbele. Nikajifunga kitenge kiunoni mara mbili, nikaenda kupigana.

Nyuma ya duka kuna chumba. Nikachungulia dirishani. Mama Koku alikuwa kwenye kona anasuka mkeka, amewapa watu mgongo, hana habari. Kwenye benchi wamejaa wanaume wazima, yupo Dezi wa bodaboda, yupo bwana shamba mwenyewe. Mbele yao runinga. Na mbele ya runinga mume wangu, ameshika kile kidude wanachokiita pedi, na anaongea!

Anaongea, ndugu zangu! Mume wangu! Kwenye runinga kuna shamba kubwa la ngano, na yeye anaendesha trekta la kijani, anasema, "Tazameni upepo ukipita. Ngano inalala, halafu inainuka taratibu. Aliyetengeneza gemu hii amewahi kukaa shambani, haki ya Mungu. Mtu wa ofisini hawezi kujua kwamba ngano huinuka taratibu." Dezi anabisha, anasema gemu tamu ni ya mpira, unafunga au unafungwa, mambo yameisha, lakini hii ya kilimo ni kuteswa mara mbili, umetoka kulima unakuja kulima. Bwana shamba anaruka, anamwambia hajui kitu, hajaona udongo unavyobadilika rangi ukilowa? Hajaona kwamba usipozungusha mazao rutuba inapungua? Ile ya mpira kipa anadaka kama amefungwa mikono! Wanabishana, wanapigana mapaja, na mume wangu anacheka. Nilikuwa nimesahau kwamba akicheka anafumba jicho moja.

Ningemkuta na mwanamke ningejua la kufanya. Mwanamke unamtukana, unamvuta kilemba, anakujibu, mnaamuliwa na watu, jioni roho imetulia. Ngano utaivuta nini? Nilirudi nyumbani nimeshikwa na wivu mbaya kuliko ule niliokwenda nao.

Nikalichukia lile shamba. Halina hata harufu! Halitoi hata punje moja ya kumpa kuku, lakini limepaliliwa safi, na maharage yangu mimi yamemezwa na magugu. Ngano ile ameisifia hadi inavyoinuka, gauni langu limepata "ndiyo" tu. Mume wangu akirudi namwambia, "Ngano yako ikupikie." Akiniomba maji ya kuoga namwambia kamuulize bwana shamba wa kwenye runinga. Yeye kimya. Na kadiri alivyonyamaza, mimi niliongeza kuni.

Ndugu zangu, wivu hauna haya hata mbele ya madhabahu. Nilikwenda kwenye maombi ya akina mama, nikasema niombeeni, kuna kitu kwa Mama Koku kinavunja ndoa yangu. Sikusema ni gemu. Ningesemaje? Akina mama wakaelewa walivyoelewa, wakafunga na kuomba, na walipotoka wakaacha kununua kwa Mama Koku. Wakikutana naye wanatazama migomba. Mimi nikaona, nikanyamaza, na moyoni nikafurahi. Mama Koku, dada yangu, upo hapo, nilikuomba radhi faraghani na leo nakuomba mbele ya watu. Hukuwa na kosa lolote.

Na nyumbani nilikuwa na ombi langu mwenyewe, la siri. Nilipiga magoti nikasema, Bwana, kata umeme.

Mungu wetu anasikia! Ilikuja mvua ya upepo, nguzo ikalala chini, Kamuli nzima giza. Nikapiga vigelegele peke yangu jikoni hadi jirani akauliza ng'ambo ya uzio nani kaposwa. Mume wangu akabaki nyumbani. Mchana yupo, jioni yupo. Nikampikia kwa furaha, nikatia na karanga. Akala, akasema chumvi.

Siku ya pili, kimya. Iliyofuata, kimya. Anakaa kwenye kigoda pale uani, mikono magotini, anaangalia lile eneo lililokuwa na migomba. Simu zetu zimezima, runinga ya Mama Koku imezima, hakuna mtu wala kitu cha kuninyang'anya. Nilikuwa nimempata mume wangu mzima mzima, na bado nilikuwa na njaa ile ile! Nikamwangalia, hasira yangu ikatafuta pa kukaa, ikakosa. Nikaingia jikoni nikamwambia Bwana, umenipa nilichoomba na sijashiba. Nifanyeje?

Sikusikia sauti. Wengine hushuhudia kwamba walisikia sauti, mimi sikusikia. Lakini nilitoka na beseni la ndizi, nikakaa karibu na kigoda chake, nikaanza kumenya, na mdomoni mwangu likaja swali ambalo kiburi changu kisingeliruhusu kamwe. Nikasema, "Baba Alinda, ile ngano yako ilikuwa imefikia wapi umeme ulipokatika?"

Akanitazama kama mtu aliyeamkiwa na mbuzi. Alidhani namcheka. Nikaendelea kumenya, sikuinua macho. Mwishowe akasema, "Ilikuwa imebaki kuvunwa." Nikauliza, kwani huko unavuna kwa nini? Akanieleza mashine. Nikauliza, mvua je? Akasema mvua ya kule ina adabu, inapiga hodi, hainyeshi ukiwa umeanika. Akasema kasoro ya gemu ile ni jirani, hakuna jirani wa kukuibia wala wa kukusaidia, unalima peke yako kama mfungwa. Alitafuta kahawa kwenye mbegu zao, hakuna. Alitafuta migomba, hakuna. Nikasema, sasa watu wa kule wanakula nini? Akafumba jicho moja!

Nikamwambia basi hiyo gemu ina upungufu mkubwa, waitie migomba. Akaokota ganda la ndizi, akaligeuza mkononi. Kisha akasema, "Nashukuru haina. Ingekuwa na migomba nisingeweza kuishika." Na ndipo alipoyatoa ya moyoni, ndugu zangu. Alisema kule ukikosea unafuta, unaanza upya, shamba liko pale pale. Huku aling'oa kazi yote ya baba yake, mashina aliyoyakuta alipozaliwa, akayafukia kama mizoga, na hakuwa na mtu wa kumwambia.

Nikasema, "Mimi si nilikuwepo?"

Akasema, "Wewe ulikuwa umekasirikia ndizi za sokoni."

Aleluya! Mnajua neno linavyochoma likiwa la kweli? Nikaweka kisu chini. Miezi yote ile nilikuwa nalilia maneno ya mume wangu yaliyokwenda kwa Dezi na kwa bwana shamba, na kumbe yalipita kwanza mlangoni kwangu yakakuta nimevimba. Nililia pale, naye alilia, na mwanamume wa kwetu halii mchana, mnajua. Ndizi tulipozibandika tukazisahau, zikashika chini ya sufuria, tukazila hivyo hivyo. Hakuomba chumvi. Na kile kilichokuwa kinanikaba hapa kifuani kikaniachia, nikajisikia mwepesi hata nikaogopa.

Kesho yake nilibeba kahawa ya kutafuna, ile nzuri ya wageni, nikaenda kwa Mama Koku kutubu. Nilimweleza yote. Alicheka barabara nzima ikasikia. Akasema, "Mimi na mumeo? Waitu, huyo mtu akianza habari za ngano mimi huwa nasinzia!" Akanisamehe. Mungu ambariki. Akina mama, nendeni mkanunue kwake.

Umeme ulirudi. Sikuuombea mabaya tena. Mume wangu bado anakwenda, siku akimaliza kazi, na safari nyingine nakwenda naye, nakaa kwenye benchi na wale mashabiki na nina maoni yangu. Mimi naona gemu ile ina ng'ombe wanene mno, ng'ombe gani hajawahi kuona kiangazi? Dezi anasema sasa tumekuwa wengi wa kuteswa mara mbili. Nisiwadanganye, ndugu zangu, lile trekta bado nalionea wivu kidogo. Bwana anaendelea na kazi.

Lakini juzi, baada ya bwana shamba kutuambia udongo umepumzika vya kutosha, mume wangu aliniita pale palipokuwa na migomba. Machipukizi safi yanatoka Bweranyange, yatafika mvua zikianza. Alisimama katikati akageuka, akaniuliza, "Wewe ungeanzia wapi?"

Wanawake wenzangu, mnasikia? Kwetu kibanja ni neno la mwanamume. Mgomba ukae wapi, ukatwe lini, sisi tunaletewa mkungu mlangoni. Tangu niolewe sijawahi kuulizwa. Mimi niliyekuwa na maneno ya kuchoma kila siku! Nikanyoosha mkono tu, kule karibu na jiko. Akaenda pale pale nilipoonyesha, akachomeka kijiti.

Namshukuru Mungu. Nawashukuru mlioniombea hata kama niliwadanganya, maana Bwana aliyajibu maombi yenu kwa namna yake. Na wewe uliyekaa hapo, unayemwonea wivu mume kwa sababu ya mpira, au mke kwa sababu ya kwaya, au mtoto kwa sababu ya simu, mtumaini Bwana. Usiombe kile kitu kife kama nilivyoomba mimi. Kiulizie habari zake. Uliza leo ukifika nyumbani, kisha unyamaze usikilize, hata ndizi ziungue.