Neno Nililoandika Mbele ya Jina la Mkwe Wangu

Kaeni, wanangu, wote wanne, na wewe mwanangu dereva zima simu, lori litakungoja. Nimewaita mchana huu kwa sababu asubuhi nilishindwa kuinua kikombe, na nesi aliyekuja kunitazama hakusema kitu, nami nimefanya kazi na manesi miaka mingi, najua wakinyamaza vile wanamaanisha nini. Msinikatize. Nikinyamaza mimi, subirini, nitarudi.

Mali yangu ni kidogo, niimalize kwanza. Cherehani ni ya binti yangu, kitinda mimba wangu, na asiiuze hata ikimsumbua. Mdogo wangu wa nyumba ya pili, ambaye hatujasalimiana miaka sita kwa ajili ya ukuta, mwambieni aujenge anapotaka. Kosa lilikuwa langu, na nilijua siku ileile. Nyumba hii, vyumba vitatu na uwanja wa nyuma, nimemwandikia mke wa mwanangu. Mwanangu, usimtazame mkeo hivyo. Hakuniomba, anasikia sasa hivi kama wewe. Karatasi iko kwa mwenyekiti wa mtaa, ina mashahidi wawili. Sababu yake ndiyo ninayoona haya kuisema, na nimeona haya miaka kumi na minne.

Mnajua nilifanya kazi kliniki. Niliwaambia nafagia, na sikuwahi kuwatajia ni kliniki ipi. Sikuwa nafagia, wanangu. Nina virusi tangu kabla baba yenu hajafa, nilipimwa nikiwa na mimba ya binti yangu huyu, nikapewa dawa, naye akazaliwa salama. Baadaye wakaniomba niwe mama mshauri. Mwanamke mjamzito akitoka kupimwa, amekutwa navyo, mimi ndiye niliyempokea, nikamwingiza chumba kidogo kando ya dirisha la dawa, nikafunga mlango, nikamwonyesha picha ya binti yangu na kumwambia, “Mimi pia. Huyu kwenye picha ni mwanangu, nilimzaa nikiwa navyo, na yeye hana.” Basi wakaniita Mama Picha, na wengi hawakunijua kwa jina jingine. Nilikuwa hodari mle ndani. Nje ya mle nilikuwa mwoga. Nilichagua kliniki ya mabasi mawili kutoka hapa ili nisikutane na jirani, na dawa zangu nilizificha chini ya vifungo kwenye kopo la cherehani.

Mkwe wangu, umeshainua kichwa. Ndiyo. Mama Picha ni mimi.

Ilikuwa Jumanne. Nilifungua mlango nimwite anayefuata, nikakuona kwenye benchi, mimba ya miezi mitano, kadi mapajani, umeinamia viatu vyako. Nawe ulikuja mbali kwa sababu ileile yangu. Hukuniona. Nilirudi nyuma, nikapitia mlango wa stoo, nikamwambia nesi tumbo linaniuma, na mshauri mwenzangu siku hiyo alikuwa msibani. Nikakaa katikati ya maboksi ya glavu, nikikuchungulia, tangu saa nne hadi saa nane. Nesi alikwambia usichukue dawa mpaka Mama Picha akueleze, na Mama Picha alikuwa hatua kumi kutoka kwako. Kisha ukafunga kanga yako vizuri ukaondoka, nami nikashusha pumzi kama mtu aliyepona.

Asiporudi mwanamke, kazi yetu ilikuwa kumfuata hadi kwake. Wiki ya tatu nikapewa rejista yenye jina lako. Nikaandika mbele yake: Amehama. Niliandika kwa mwandiko mzuri. Nikarudi nyumbani nikakukuta uwanjani unaosha vyombo, tumbo halikukuruhusu kuinama, ukaniuliza, “Mama, umechoka? Nikuwekee maji?” Nikasema niwekee.

Miezi minne, watoto. Kila siku nililiona tumbo lile likikua, na kila asubuhi nilimeza dawa yangu. Niliogopa mwanangu ajue mamake ana nini. Hakuna sababu kubwa kuliko hiyo, nimeitafuta sikuipata.

Mjukuu wangu Chiriku alipougua akiwa na miezi minane, akapimwa, mkaketi chumba hiki hiki na wajomba. Mwanangu, ulisema mkeo amemwangamiza mtoto wako, na hata wewe ulipopimwa ukakutwa navyo hukulifuta neno hilo. Mkwe wangu alilia akanigeukia mimi, akasema, “Mama, niliwangoja. Walisema kuna mama atakuja kunieleza. Hakuja.” Na mimi, kinywa hiki, nikamjibu, “Ungengoja zaidi.”

Nipeni maji. Kidogo tu.

Baada ya hapo nilifanya kazi kama mwehu, nikafuata wanawake mpaka machimboni na sokoni, sikuacha hata mmoja apotee. Walinipa cheti. Nilikichana. Hakuna niliyemsaidia aliyepunguza hata robo ya jambo hili.

Sasa shikeni haya. Mwanangu, leo, kabla hujarudi kwenye lori, mwombe mkeo radhi mbele ya dada yako, na kesho uende kwa wajomba ukawaambie kosa lilikuwa la mama. Binti yangu, nikifa usiseme ni presha. Sema nilikuwa na virusi miaka ishirini na mbili na nimekufa mzee. Mwenye kutaka kunong'ona aanze. Mkwe wangu, kuosha maiti yangu si wajibu wako. Usipotaka hata kusimama kaburini, asikulazimishe mtu. Msamaha sikuombi. Nilikuwa na nafasi ya kuuomba kila siku jikoni, nikaomba chumvi.

Chiriku. Sogea, sauti inanikimbia. Dawa zako unameza mwenyewe bila kukumbushwa, na juzi umenivunjia dirisha kwa mpira, kwa hiyo nguvu unazo. Unaweza kunichukia, una haki. Ila usichukie mwili wako, hauna kosa... wala mama yako. Alingoja. Alingoja sana.

Mungu akupe uzee, mjukuu wangu. Uzeeke mpaka magoti yakuume... ulalamike... wachoke kukusikiliza. Na nyie wote, Mungu awape... kusema mapema.

Mkwe wangu, bado upo? Siwaoni vizuri. Basi. Usiseme kitu.