Enos Shitanda, Msukaji wa Mota wa Kibuye (1931–1976)

Tunayemsindikiza leo ni baba yetu mdogo, Enos Shitanda. Alizaliwa Malava tarehe 9 Aprili 1931, mtoto wa tatu wa Mzee Shitanda na Mama Nabwire.

Alisoma Malava hadi darasa la sita. Mwaka 1948 aliingia karakana ya reli Kisumu kujifunza ufundi wa umeme. Alipofungua mota kwa mara ya kwanza alikuta chuma na waya wa shaba tu, akacheka peke yake kwa furaha.

Mwaka 1961 alifungua duka lake Kibuye, akisuka upya koili za mota zilizoungua. Mteja hakuondoka kabla ya kuelezwa: umeme ukipita katika koili, koili hugeuka sumaku, sumaku zikivutana na kusukumana kwa zamu, mhimili huzunguka. Alizisikia mota kila mahali, kwenye feni, pampu za maji, hata friji ya soda ya jirani. Ilipoanza kunguruma, sote mezani tulitakiwa kunyamaza.

Alipomposa Dorca wa Kombewa mwaka 1964, baba yake, Mzee Dishon, alikataa. Mshika umeme, alisema, angemwachia binti yake ujane mapema. Hata hivyo, tarehe 9 Septemba alifika Mamboleo kuona mashine ya kusaga ambayo Enos alikuwa ameifungia mota. Ilinguruma, lakini unga ukakwama ndani. Mota ilikuwa inazunguka kinyume. Akina mama wenye madebe wakacheka.

“Kijana, ng'ombe wako anarudi nyuma,” Mzee akasema.

Enos alizima swichi kubwa, akang'oa fyuzi zote. Desturi yake ilikuwa kumpa fyuzi mtu anayeogopa kuliko wote. Akampa Mzee Dishon.

“Mzee, bila hizi hakuna umeme hapa. Usinipe mpaka nikuombe.”

Akabadilisha nafasi za nyaya mbili kati ya tatu, na zamu za sumaku zikageuka. Fyuzi zikarudi, unga ukamwagika, mweupe na wa moto. Mzee akaushika.

“Kumbe wewe hufunga mlango wa umeme kwanza,” akasema. “Njoo nyumbani Jumamosi.”

Ndoa ilifungwa tarehe 19 Desemba 1964.

Mwaka 1975 figo zake zilianza kushindwa. Akiwa wodini aliwaeleza wauguzi jinsi feni ya juu yao inavyozunguka. Alifariki tarehe 3 Agosti 1976, mkewe akimshika mkono. Jana Dorca alituambia, “Baba yangu aliogopa umeme. Umeme haukumgusa Enos hata siku moja.”

Ameacha mjane, Dorca. Watoto Agneta, Wakhisi na Nabututu. Mama yake, Nabwire. Na Mzee Dishon, aliyeomba asisomwe hapa kama mkwe, bali kama baba wa marehemu.

Enos wetu, pumzika kwa amani ya Bwana.